Somo: Kuchagua skrini ya fokasi kwa wanaofokasi kwa mkono

Somo hili ni la wenye kamera za SLR, za filamu au dijitali. Kioo cha ndani hurusha taswira juu kwenye skrini, na hapo ndipo jicho linapohukumu fokasi. Skrini ikikudanganya, lenzi nzuri haitakuokoa.

Hatua ya 1: Anza na lenzi. Kama uwazi wake mkubwa kabisa ni f/2.8 au namba ndogo zaidi ya hapo, una uhuru wa kuchagua. Kama ni f/5.6, achana na skrini yenye duara lililokatwa katikati (nusu zake mbili hukutana fokasi ikikaa), kwani nusu moja itakuwa nyeusi.

Hatua ya 2: Unapiga nini? Duara lililokatwa linataka mstari wa kuunganisha: nguzo, kona ya ukuta, mnara wa Msikiti wa Gaddafi hapa Dodoma. Ukienda Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani, mistari iliyonyooka ni ya kutafuta. Pale pete ya prizimu ndogondogo inafaa zaidi: jiwe linametameta hadi fokasi ikae. Kwa ngoma ya Wagogo napendekeza skrini isiyo na alama, maana mchezaji hakusubiri katikati ya fremu.

Hatua ya 3: Usihadaike na mwanga. Skrini nyingi za kiwandani za kamera za dijitali zinang'aa, lakini ukifunga lenzi ya f/1.4 huonyesha kina cha fokasi (sehemu inayoonekana kali) kama cha f/2.8 hivi. Unaona kila kitu kiko sawa, kumbe jicho la bibi harusi limefifia. Skrini ya Eg-S ya kamera ya Canon 5D Mark II ina giza kidogo ila inasema kweli. Ukiifunga, badilisha pia aina ya skrini kwenye menyu, la sivyo kipimo cha mwanga kitakosea.

Hatua ya 4: Unapobadilisha skrini, funga madirisha ya chumba kwanza, vumbi letu la kiangazi mnalijua. Shika skrini kwa kibano, puliza kwa pampu ya mkono. Kitambaa kamwe, plastiki yake huchubuka upesi.

MASWALI

Swali: Mwalimu, Nikon FM2 yangu inabadilishwa skrini?
Jibu: Ndiyo, kupitia mdomo wa lenzi. Ilitoka na skrini ya K2, yenye duara lililokatwa na pete ya prizimu. Kwa majengo tafuta E2, ina mistari ya gridi.

Swali: Naona vumbi nikichungulia kwenye kamera. Picha zitaharibika?
Jibu: Hapana dada, kioo kikinyanyuka skrini haihusiki tena.

Swali: Navaa miwani, kila skrini naiona ina ukungu.
Jibu: Kaka, kama kamera yako ina kirekebishi cha macho, kizungushe hadi alama za kwenye skrini zisomeke vizuri. Skrini usiinunue kabla ya hapo.