Namna ya Kusoma Vitabu vya Picha na Mtoto ili Auamini Ubunifu Wake

Vitabu vya picha vinavyohusu ubunifu na kujiamini ni vingi, lakini sehemu kubwa ya vitabu hivyo humwambia mtoto tu kwamba anaweza, kisha huishia hapo. Mtoto wa miaka mitano haliamini neno hilo kwa sababu tu limeandikwa. Huliamini anapomwona mtoto mwenzake amekaa mbele ya karatasi tupu, amekwama, kisha akatafuta njia kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kununua kitabu, kifungue katikati na uangalie picha za kurasa ambazo mhusika yumo katika shida. Kitabu cha aina hii kwa kawaida kina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa za mtambo wa uchapaji hukunjwa katika mafungu ya kurasa 8 au 16, na nafasi hiyo ni finyu. Ikiwa mtunzi ametumia kurasa hizo chache kuonyesha huzuni mwanzoni na vigelegele mwishoni, huku kazi yenyewe haionekani popote, kiache kitabu hicho.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni The Dot cha Peter H. Reynolds, kilichotoka mwaka 2003. Msichana aitwaye Vashti amemaliza kipindi cha sanaa akiwa na karatasi tupu, akishikilia kwamba hajui kuchora. Mwalimu habishani naye wala hamsifu kwa kipaji. Anamwomba tu aweke alama yoyote, na Vashti kwa hasira anaipiga karatasi nukta moja. Mwalimu anaitazama nukta ile kwa makini, kisha anamtaka aweke sahihi yake. Wiki inayofuata Vashti anaikuta imetundikwa ukutani juu ya meza ya mwalimu, ndani ya fremu ya dhahabu, na mara moja anajiambia kwamba anaweza kuchora nukta bora kuliko ile. Kazi imetangulia, heshima kwa kazi ikafuata, na kujiamini kukaja mwisho. Vitabu dhaifu huupindua mpangilio huo na kumtaka mtoto ajiamini kabla hajagusa chochote.

Kitabu cha zamani zaidi, Harold and the Purple Crayon cha Crockett Johnson cha mwaka 1955, kinafaa kwa sababu nyingine. Harold anachora joka la kulinda mti wa matofaa, joka hilo linamtisha yeye mwenyewe, na mkono wake unaotetemeka nyuma ya mgongo unachora mawimbi bila yeye kujua, hadi anajikuta baharini. Hapo anachora mashua, akapanda. Ukifika ukurasa huo, simama kabla ya kufungua unaofuata na umuulize mtoto angechora nini.

Ikiwa kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza na mtoto anazungumza Kiswahili nyumbani, kisimulie kwa Kiswahili ukifuata picha. Kwa wanaotaka hadithi zilizokwisha kuandikwa kwa Kiswahili, mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, unatoa hadithi za picha bure mtandaoni kwa leseni huria, na unaweza kuzichapa.

Wakati wa kusoma, mweke mtoto mahali anapoziona picha vizuri na umwachie yeye kufungua kurasa. Usimwulize hadithi inatufundisha nini. Wengi wetu tuliulizwa swali hilo shuleni mwishoni mwa kila hadithi, nalo humfanya mtoto atafute jibu linalompendeza mkubwa badala ya kuitazama picha. Muulize kwa nini mhusika amefinya macho, au ile rangi ya bluu imetoka wapi.

Sifa nazo zinahitaji uangalifu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili walielekea kuchagua kazi rahisi zaidi baadaye na kukata tamaa upesi waliposhindwa, tofauti na waliosifiwa kwa juhudi. Basi mtoto akikuletea mchoro, taja unachokiona: umezungusha mstari huu mara nyingi, umeacha nafasi hapa, niambie kuhusu huyu.

Baada ya vitabu kadhaa, mtengeneze naye kitabu chake. Pangeni karatasi 4 za A4, zikunjeni katikati, toboeni matundu matatu kwenye mkunjo na mshone kwa sindano na uzi mnene. Mtapata kurasa 16. Jalada linaweza kukatwa kutoka kwenye boksi. Vifaa vya bei si sharti: Edward Saidi Tingatinga alianza uchoraji wake jijini Dar es Salaam kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mtindo uliobeba jina lake ukaenea duniani. Penseli, mkaa na krayoni chache vinatosha. Kifutio kiwekwe mbali mwanzoni, ili mstari uliokwenda kombo upate nafasi ya kugeuka kuwa mkia, njia au mto.

Mtoto asiyejua kuandika aseme, nawe uyaandike maneno yake kama alivyoyatamka, bila kumrekebisha. Jina lake kwenye jalada aliandike mwenyewe, hata herufi zikipinda. Akichoka kabla ya kurasa kwisha, usimsukume amalize; andikeni tarehe ndani ya jalada, kitabu kiwekwe pamoja na vile vya kununuliwa, na krayoni zibaki mahali anapoweza kuzifikia bila kuomba.