Mnyama kanona lakini ini bovu: namna ya kucheki viungo vya ndani ukishachinja

Watu wakiona ng'ombe kanona, ngozi inang'aa, basi wanasema mzima huyo. Mi kazi yangu kukagua nyama na nakwambia hapo bado hujaona kitu, ini linaweza kuharibiwa na ugonjwa karibu nusu, huku mnyama bado anapiga majani kama kawaida.

Kabla ya yote vaa glavu, uwe na visu viwili, kimoja kikitumika kingine kiko kwenye maji ya moto, nyuzi 82 kwenda juu. Viungo vikae na mzoga wake, ukishachanganya maini ya ng'ombe watatu kwenye beseni moja ushapotea.

Hatua ya 1: macho kwanza. Damu nyeusi haigandi, bandama limevimba limekuwa laini kama uji? Acha hapo hapo, usikate tena, ita daktari wa mifugo, hicho kinaweza kuwa kimeta na hakina utani.

Hatua ya 2: ini, na hapa usiwe na haraka. Lipapase lote kwa vidole, kingo zake ziwe nyembamba, zikiwa butu ujue limevimba. Ligeuze, kata mirija ya nyongo kwa mshazari kisha kamua. Kuna dume moja nilikata, zuri kweli kwa nje, kisu kikakwaruza krr krr kama napita kwenye mchanga, mirija imekuwa migumu kwa chokaa na nilipokamua wakatoka minyoo bapa, wanafanana na jani dogo la kahawia. Hao wanatokana na malisho ya majimaji yenye konokono, kwa hiyo waliobaki zizini nao wana uwezekano mkubwa wanao.

Hatua ya 3: mapafu. Papasa, ukikuta kivimbe cha mviringo kimejaa maji USIKITOBOE, kata mbali nacho. Halafu pasua tezi zilizo katikati ya mapafu, vipande vyembamba. Ukiona uchafu wa njano kama jibini, mkavu, unakwaruza kisu, shuku kifua kikuu, zuia mzoga mzima mpaka daktari aamue, usijidanganye kutoa tezi tu na kuuza nyama.

Hatua ya 4: moyo. Fungua utando, uking'ang'ania moyo na kuna usaha tafuta waya au msumari, ng'ombe humeza na ukatoboa kutokea tumboni. Kisha pasua nyama ya moyo ucheki vilengelenge vidogo vya tegu, yaani minyoo mirefu ya utumbo ikiwa bado michanga.

Sasa kiungo kibovu usimrushie mbwa, hapa ndo watu wanaharibu!! Vile vivimbe vya maji mbwa akila anapata minyoo, mayai yanatoka na kinyesi chake, mtoto anamshika mbwa, anakula bila kunawa, kivimbe kinaota kwenye ini lake. Choma au fukia shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua, andika namba ya mnyama na ulichokiona, halafu mpigie mwenye mifugo siku hiyo hiyo awatibu waliobaki na mbwa wake pia.