Jinsi ya kuwafanya Form One wasome kitabu cha Bailojia na waelewe, sio kukopi tu

Ukiona darasa zima linaimba definisheni ya osmosisi (maji kupita kwenye utando wa seli kutoka penye maji mengi kwenda penye maji machache) kama kwaya, alafu unauliza haya maji yametoka wapi yameenda wapi, kimyaaa, ujue hapo shida sio Bailojia. Shida ni kusoma. Huyu mtoto shule ya msingi kasoma Sayansi kwa Kiswahili mpaka la saba, kaja Form One kila kitu Kiingereza, orientesheni ya wiki chache imeisha, na sisi tunamjazia notsi ubaoni anakopi kengele inalia. Wapo wanaofika Form Four hawajawahi kusoma ukurasa mmoja wa kitabu cha Bailojia wenyewe, na hapo lawama mi naziweka kwenye notsi zetu.

Basi fanya hivi. Chagua aya moja tu, mistari minane mpaka kumi, sio sura nzima. Tuchukue hiyohiyo osmosisi.

Kabla hawajagusa kitabu, asubuhi kata viazi mviringo vipande virefu vyembamba vinavyolingana, vingine weka kwenye maji matupu, vingine kwenye maji yenye chumvi nyingi. Kipindi kikifika wape wavishike. Cha maji matupu kigumu ukikipinda kinakatika, cha chumvi kimelegea kinajikunja tu. Waache wabishane kwa Kiswahili kwa nini imekuwa hivo, usiwape jibu. Sasa wakifungua kitabu kuna kitu wanakitafuta humo ndani.

Maneno magumu chagua manne au matano tu. Na hapa walimu wengi tunahangaika na yale ya kitaalamu wakati kitabu chenyewe kinayaeleza, ila yale madogo ya kawaida hakuna anayeyaeleza: "region", "through", "whereas", "hence". Mtoto anakwama kwenye "whereas" na wewe unadhani kakwama kwenye membreni, ule utando wa seli. Yaandike pembeni ya ubao na maana yake, endelea.

Kusoma kwenyewe mara tatu. Kwanza unawasomea kwa sauti ili wasikie matamshi, alafu wanasoma kimya, alafu wawili wawili, sentensi moja moja, mmoja anasoma mwenzake anasema kwa Kiswahili nini kimetoka wapi kimeenda wapi. Vitabu havitoshi? Iandike aya kwenye manila kwa maka peni, herufi kubwa, bandika ukutani, hata yule wa dawati la nyuma anaona. Vitabu vya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania) vipo kwenye maktaba yao ya mtandaoni pia, ukipata printa toa kurasa chache zipite.

Wakimaliza, vitabu chini, wachore. Kipande cha kiazi ndani ya maji ya chumvi na mishale ya maji. Mchoro haudanganyi bwana. Wengi watachora chumvi inaingia kwenye kiazi, wengine maji yanaingia badala ya kutoka, na ukichunguza utakuta kosa limetokea kwenye sentensi. Kitabu kimoja kinasema maji yanatoka kwenye konsentresheni (wingi) kubwa kwenda ndogo, kingine kinasema yanatoka kwenye myeyusho hafifu kwenda mzito, mtoto anaona vinapingana. Havipingani, cha kwanza kinahesabu maji, cha pili kinahesabu chumvi. Warudishe kwenye aya waweke kidole kwenye neno linaloonyesha konsentresheni ya nini. Hapo hata dakika kumi tumia, usiwe na haraka.

Mwisho waandike sentensi moja kwa Kiingereza, wape mwanzo wake: "The potato in salt water became soft because..." Ukisahihisha angalia sayansi kwanza, grama baadae, mana ukipiga wino mwekundu kila mahali kesho haandiki kitu.

Kuhusu Kiswahili darasani najua kuna shule zina vibao vya kukikataza. Mi naona kuongea Kiswahili ili uelewe sio dhambi, ila lazima kipindi kiishe mtoto kaandika Kiingereza, kwa sababu karatasi ya NECTA, baraza la mitihani, haina huruma. Na zoeza maneno ya swali mapema, "state" ni kutaja tu, "explain" inataka sababu, "differentiate" inataka pande zote mbili, kuna watu wanapoteza maksi Form Two wakati jibu wanalijua, kaeleza upande mmoja kaishia hapo.

Utasema silabasi haitaisha. Fanya mara moja kwa wiki, kipindi cha dabo, vingine endelea na kawaida yako. Baada ya mwezi hivi wape aya ambayo hujaifundisha kabisa, usiwasomee, sema wachore tu, alafu zungukia madaftari uangalie mishale.