Anza na majedwali, si na kurasa

Programu yangu ya kwanza ya wavuti ilikuwa ya kuazimisha vitabu. Nilianza na kurasa na rangi, kisha nikabomoa yote: jina la msomaji lilirudiwa katika kila azimo, na kulisahihisha mahali pamoja hakukutosha.

Kwa hiyo shika karatasi kwanza. Chora majedwali matatu: vitabu, wasomaji, maazimo. Kila msomaji na kila kitabu kipewe namba yake. Maazimo yabebe namba hizo na tarehe tu.

Tumia SQLite, programu ya kuhifadhi majedwali hayo: hifadhidata nzima ni faili moja, haihitaji seva. Ila kila ukifungua muunganisho nayo andika PRAGMA foreign_keys = ON, amri inayoifanya ikague uhusiano wa namba ulioutangaza kati ya majedwali, la sivyo itapokea azimo la msomaji asiyekuwepo.

Tengeneza ukurasa mmoja unaoorodhesha vitabu. Ukishaonekana kwenye kivinjari, ongeza fomu.

Hapa nakusihi sana: usibandike maneno ya mtumiaji ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata. Mahali pa maneno hayo weka alama ya ? na thamani uipitishe kando. Jaribu mwenyewe kuingiza kitabu chenye neno ng'ombe: ukiwa umebandika, ile alama ya ng' itafunga maandishi katikati na amri itakwama. Mwenye nia mbaya hupenya papo hapo, akasoma data asiyoruhusiwa.