Ukitumiwa habari ya dawa mpya ya saratani, fungua daftari kabla hujatafuta mteja wa kiwanja

Wifi yangu wa Morogoro alinipigia saa nne usiku. Kaka yangu alikuwa ameshapewa majibu: saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, karibu na njia ya haja kubwa, hatua ya tatu. Wifi alikuwa ametumiwa ujumbe kwenye simu. "Wifi, Marekani wagonjwa 12 wenye saratani hiyohiyo wamepewa dawa mpya, na wote 12 uvimbe umeyeyuka. Kile kiwanja cha Kihonda kina mteja. Niambie kama nipokee cheki."

Mimi ni muuguzi, na miaka 11 nimeimalizia wodi ya saratani. Jibu lililonijia mdomoni ni lile tunalolitoa wote tukichoka: achana na mambo ya mitandaoni. Nikalimeza, kwanza kwa sababu mtu aliye tayari kuuza kiwanja kwa ajili ya mumewe hastahili kufungiwa mlango usoni, na pili kwa sababu ujumbe ule ulikuwa wa kweli. Nilimwambia achukue daftari na kalamu, tuandike maswali. Tulimaliza saa sita kasoro. Haya ninayoandika hapa yametoka kwenye daftari lile, pamoja na mambo niliyojifunza kwa uchungu kabla yake.

Kabla ya swali lolote

Tiba iliyokwisha kupangwa isisimame. Kama keshokutwa ni zamu ya dripu au mionzi, mgonjwa aende. Uchunguzi wa habari mpya unaweza kuchukua wiki tatu, na uvimbe haungoji. Hata daktari akija kukubali kwamba ipo njia nyingine, yeye ndiye atakayepanga lini hii inaachwa na lini ile inaanza.

Nani hasa aliyepona?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko popote. "Saratani" ni jina moja lililobeba magonjwa mengi. Hata saratani ya kiungo kimoja ina aina zake, na dawa inayofuta moja inaweza isiguse nyingine kabisa.

Habari ya wale 12 ilitangazwa Juni 2022 kutoka hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York. Dawa inaitwa dostarlimab, na kazi yake ni kuiondolea kinga ya mwili breki ili iione saratani na kuishambulia. Wote 12 uvimbe ulitoweka kwenye vipimo, bila upasuaji wala mionzi. Lakini wagonjwa wale hawakuokotwa tu. Walichaguliwa kwa sababu seli za uvimbe wao zilikuwa na kasoro maalumu: zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya vinasaba wakati zinajigawa. Seli ya namna hiyo hujaza makosa mengi kiasi kwamba kinga ikiachiwa inaitambua haraka kuwa ni mgeni. Kwenye saratani ya eneo hilo, wenye kasoro hiyo ni kama 5 hadi 10 kati ya wagonjwa 100.

Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari halikuwa "dawa ile ya Marekani inapatikana wapi?" Tuliandika hivi: "Je, kinyama cha mgonjwa kimepimwa kasoro ya kurekebisha vinasaba?" Kinyama kilichokatwa wakati wa uchunguzi huhifadhiwa ndani ya kipande cha nta maabara, na kinaweza kutolewa kikapimwa tena bila mgonjwa kukatwa upya. Watu wengi hawalijui hili. Ombeni nakala ya majibu ya kinyama, muiweke kwenye bahasha moja na picha za CT, na msiitoe asili yake kwa mtu yeyote.

Wifi alikwenda kliniki Jumanne, akamsomea daktari swali kutoka kwenye daftari. Daktari alivua miwani, akamtazama, akaandika fomu ya kipimo. Sampuli ilipelekwa maabara nyingine. Baada ya wiki tatu majibu yalirudi: kasoro haipo. Dawa ile haikuwa ya kaka yangu.

Wifi alilia. Lakini kiwanja kilikuwa bado kipo, na kaka alikuwa hajakosa hata siku moja ya mionzi.

Naongeza jambo moja kwa wale wanaopuuza kila kitu kipya. Mwaka 2022 wako waliosema watu 12 ni wachache mno, habari itakufa. Watafiti waliendelea kuongeza wagonjwa wenye kasoro ileile, na hadi 2024 walikuwa wametimia 42, wote uvimbe umetoweka. Aliyebeza alikosea sawasawa na aliyedhani dawa ni ya kila mtu.

Chombo cha kioo, panya, binadamu

Swali la pili: imejaribiwa kwa nani? Ujumbe wa majani ya mstafeli nimetumiwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: eti yana nguvu mara 10,000 kuliko dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani. Namba hiyo ilitoka kwenye jaribio la maabara ambamo kemikali iliyochujwa kwenye mmea huo ilimwagiwa seli zilizokuwa ndani ya chombo. Kwenye chombo hakuna ini wala figo wala damu ya kuzungusha dawa. Hata jiki ikimwagwa humo itaziua seli za saratani. Na chai ya majani hayo si salama kama inavyosemwa: kisiwani Guadeloupe watafiti wamehusisha matumizi makubwa ya stafeli na majani yake na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson.

Panya nao wana historia yao. Mei 1998 gazeti la New York Times liliweka ukurasa wa mbele habari za daktari mtafiti Judah Folkman wa Boston, ambaye dawa zake zilikausha uvimbe wa panya kwa kuuziba mishipa ya damu inayoulisha. Simu za wagonjwa zilimiminika, na hisa za kampuni iliyokuwa na dawa hizo zikapaa. Folkman mwenyewe alikuwa akiwatahadharisha watu: kama una saratani na wewe ni panya, tunaweza kukuhudumia vizuri. Kwa binadamu, dawa zile hazikufanya maajabu yaliyotarajiwa Marekani. Wazo lake, hata hivyo, lilikuwa sahihi, na mwaka 2004 dawa nyingine iliyojengwa juu yake, bevasizumabu, ilipata kibali.

Ikifika kwa binadamu, uliza awamu. Awamu ya kwanza huwa na watu wachache, na swali lake kuu ni dozi ipi mwili unaihimili. Ya pili inatazama kama uvimbe unapungua. Ya tatu inawagawa mamia ya wagonjwa kwa bahati nasibu, hawa wapewe dawa mpya na hawa tiba ya kawaida, kisha wahesabiwe. Kati ya dawa 100 za saratani zinazoingia awamu ya kwanza, takriban 5 tu ndizo hufika kupewa kibali Marekani. Mgonjwa anayeingia awamu ya kwanza anastahili kuambiwa hivyo kwa sauti ya upole, akiwa amekaa, na ndugu yupo.

Imelinganishwa na nini?

Ukisoma "inaongeza maisha", tafuta namba mbili. Bevasizumabu ilipoongezwa kwenye dripu za kawaida kwa wagonjwa ambao saratani ya utumbo ilikuwa imesambaa, nusu ya waliopewa waliishi zaidi ya miezi 20.3; kwa waliopata dripu za kawaida peke yake, ilikuwa miezi 15.6. Tofauti ni karibu miezi mitano. Kwa familia moja hiyo ni kumwona binti akiolewa. Kwa nyingine ni deni litakalobaki baada ya mazishi. Wote wana haki ya kuamua, ilimradi wameiona namba.

Uliza pia kama matokeo yamerudiwa na watu wengine. Miaka ya 1990 maelfu ya wanawake wenye saratani ya titi, wengi wao Marekani, walipewa kemo ya dozi kubwa mno kisha wakarudishiwa seli za uboho. Ilikuwa tiba ya mateso. Mwaka 1999 majaribio makubwa yaliposomwa, mengi hayakuonyesha faida. Moja lililosifia sana lilikuwa la daktari Werner Bezwoda wa Johannesburg. Wachunguzi walipokwenda Afrika Kusini mwanzoni mwa 2000 kukagua mafaili, kumbukumbu hazikulingana na aliyoyatangaza, naye akakiri udanganyifu. Wale wanawake walikuwa wameshavumilia. Ndiyo maana simwamini daktari mmoja, hata awe na koti jeupe kiasi gani, mpaka wa pili na wa tatu wapate kile alichokipata.

Nani analipa?

Mwaka 2009 mama yetu alikuwa na saratani ya titi. Kliniki moja, ambayo siitaji, ilimuuzia matone waliyoyaita ya seli shina, chupa moja 380,000. Alinunua nne bila kutuambia, na akaruka zamu mbili za kemo kwa sababu waliagiza "asichanganye". Siku niliyoikuta chupa kabatini, niliona lebo imekaa upande. Niliikwangua kwa ukucha. Ilitoka kama ngozi ya kitunguu, na chini yake kulikuwa na lebo nyingine yenye picha ya samaki na mtoto anayecheka: mafuta ya samaki. Sikuona namba ya toleo wala jina la mtengenezaji. Nilikaa kitandani kwa mama na chupa mkononi, sikujua nimwambie nini. Alifariki mwaka uliofuata. Sisemi matone yale ndiyo yaliyomuua, lakini zamu zile mbili sijazisamehe.

Katika utafiti halali, kwa kawaida mgonjwa hainunui dawa inayojaribiwa. Ukiombwa milioni kadhaa ili "ushiriki majaribio", simama hapohapo. Tanzania, utafiti wa dawa kwa binadamu unahitaji kibali cha maadili kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya kuna Bodi ya Famasia na Sumu, na Uganda Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Omba namba za vibali, kisha upige simu mwenyewe kuuliza, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Majaribio ya Afrika huandikishwa pia kwenye rejesta ya PACTR, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwa simu. Ila kuandikishwa maana yake ni kuandikishwa tu. Hakuthibitishi kwamba dawa inafanya kazi.

Usimdharau aliyeleta habari

Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilomita. Siwezi kumcheka aliyekwenda. Nimeona nyuso za watu wanaotoka chumba cha daktari wakiwa hawana kitu cha kushika. Lakini urefu wa foleni hauwezi kutuambia nani alipona. Hilo hujibiwa na daftari lenye mistari mitatu: ugonjwa uliothibitishwa kwa kipimo, alichopewa, na yuko wapi baada ya mwaka.

Madaftari ya namna hiyo tumekuwa nayo hapahapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, mwaka 1958 aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Miaka iliyofuata watoto wale walianza kujaribiwa dawa ambazo wakati huo zilikuwa mpya, na wako ambao uvimbe uliowafumba jicho ulinywea kwa siku chache. Mwaka 1967 kilianzishwa kituo kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na humo kuchanganya dawa hizo kulipimwa kwa utaratibu, mtoto kwa mtoto. Mojawapo, vinkristini, inatoka kwenye mmea wenye ua dogo la petali tano ambao asili yake ni Madagaska. Mganga anaposema miti ina dawa, hakosei. Ila ua hilo ukilichemsha jikoni ni sumu. Lilikuwa dawa baada ya kuchujwa, kupimwa na kugawanywa kwa miligramu.

Kwa hiyo mgonjwa akikuletea ujumbe, usome naye. Muulize ni nini ndani yake kilichomgusa. Mara nyingi utagundua anachouliza hasa ni kama maumivu yatapungua, au kama bado mnapigana kwa ajili yake.

Ukiitwa kwenye utafiti

Fomu ya ridhaa ni ya kwenda nayo nyumbani. Akikuharakisha mtu usaini pale dirishani, kataa. Tafuta ndani yake mambo haya: nitapata nini nisipoingia, nauli na vipimo vya ziada analipa nani, nikidhurika natibiwa na nani, nikitaka kutoka katikati, je, matibabu yangu ya kawaida yanaendelea? Lazima yaendelee. Hakikisha pia kuna namba ya simu ya kamati ya maadili, na uijaribu kama inapokelewa. Fomu iwe kwa Kiswahili unachokielewa. Neno lisiloeleweka lizungushie duara.

Kaka yangu alimaliza mionzi, akafanyiwa upasuaji, sasa anahudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu. Mwaka jana aliombwa kitu kidogo: kinyama chake kilichobaki kwenye nta kitumike katika utafiti wa saratani za utumbo. Alichukua fomu, akakaa nayo siku mbili. Ilikuwa na kurasa sita, na aliporudi ilikuwa na maduara manne ya kalamu nyekundu. Mtafiti alivuta kiti, akayajibu moja baada ya jingine, wifi akiandika. Lilipokwisha la nne, kaka aliomba kalamu.