Unaenda kusoma Punjab? Weka haya sawa kabla India na Pakistan hawajachafuana tena

Naandika kwa ajili ya wadogo zangu mliopata vyuo kaskazini mwa India, Jalandhar, Ludhiana, Chandigarh, Amritsar huko, na wazazi mnaowalipia ada. Mimi nilikuwepo Mei 2025 India na Pakistan walipopigana, na nilikuwa sijajiandaa na chochote, kwa hiyo nisikilizeni.

Kwanza ujue umefikia wapi. Watu wanatua wanajua wako India basi, ramani hawajawahi kufungua. Amritsar mpaka geti la Wagah ni kama kilomita 30 tu na ukivuka hapo mbele kidogo ndo Lahore ya Pakistan. Jalandhar tulijiona tuko mbali kumbe jirani yetu ni Adampur, kambi ya ndege za kivita. Angalia hosteli yako iko umbali gani na mpaka na iko umbali gani na kambi, hilo la pili ndo wengi hawaulizi na kambi ndo zinazolengwa.

Halafu jifunze kusoma dalili, maana hii kitu haiji ghafla. Tarehe 22 Aprili watu 26 waliuawa kwa risasi Pahalgam, kule Kashmir, wengi wao watalii. Kesho yake India, ikiilaumu Pakistan, ikasimamisha mkataba wao wa maji ya mto Indus, mkataba wa 1960 uliovumilia vita ya 1965, ya 1971 na Kargil 1999, na ikafunga kituo cha mpakani Attari, upande wa India wa geti lile la Wagah. Tarehe 24 Pakistan ikafunga anga lake kwa ndege za India. Makombora ya India yakaja kupigwa Pakistan usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei. Hesabu mwenyewe, wiki mbili zote hizo sisi tuko bize na mitihani tunaambiana yatapita haya. Ukiona viza zinafutwa, mpaka unafungwa, anga linafungwa, wewe funga begi, usisubiri tangazo la chuo.

Nyumbani watakuuliza habari ya nyuklia, mama yangu aliuliza hilo kabla ya salamu. Ni kweli wanazo wote wawili, walijaribu mabomu yao hadharani Mei 1998 ndani ya mwezi mmoja, na makadirio ya 2025 ni kama vichwa vya nyuklia 180 India na 170 Pakistan. Lakini hata wakiwa wamenuniana vipi, kila tarehe 1 Januari wanabadilishana orodha ya vituo vyao vya nyuklia kwa makubaliano ya kutovishambulia, na makamanda wao wana simu ya moja kwa moja. Sisemi ulale usingizi, hilo la nyuklia siyo la kupuuza hata kidogo, ila huwezi kulipangia ukiwa chumba cha hosteli. Unachoweza kupangia ni giza, barabara kujaa, viwanja kufungwa na hela kutotoka, na hivyo ndo vilivyotukuta.

Maji, biskuti, dawa zako za mwezi mzima, tochi, powabenki iliyojaa. Sawa.

Hela taslimu uwe nayo, angalau ya kukufikisha Delhi na kukulisha siku nne. Pale kila mtu amezoea kulipa kwa simu mpaka muuza chai, mtandao ukisumbua unabaki na simu yenye hela na njaa juu.

Pasipoti sasa. Hapa kaa chini.

Mwishoni mwa Aprili ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa nje iliniambia nilete pasipoti wanikamilishie mambo ya kibali cha kuishi, wiki moja tu. Nikatoa. Sikuomba hata karatasi ya kuonesha nimeiacha, nani anaombaga? Wiki ikapita, nikienda naambiwa kesho. Tarehe 8 Mei usiku ving'ora vikalia, mji mzima ukazimwa taa, tukakaa kwenye korido migongo ukutani tunasikia vishindo kwa mbali, ukichungulia unaona vitu vyekundu vinapita angani, kuna dada mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa anatetemeka hawezi kushika simu tukawa tunamshikia aongee na baba yake. Asubuhi chuo kikatangaza mitihani imeahirishwa, anayeweza kwenda kwao aende. Nikakimbilia ofisini. Kufuli. Karani ameenda kijijini kwao, simu imezimwa, ufunguo wa droo anao yeye.

Nikaondoka bila pasipoti, mkononi nina kopi na picha kwenye simu. Stesheni ya Jalandhar siku ile ilikuwa na watu wa kila aina, hata wachezaji wa IPL, ligi ya kriketi ya India, ambao mechi yao ilikatizwa Dharamsala waliletwa Jalandhar wakapandishwa treni maalumu kwenda Delhi. Mimi nilisimama njia nzima kwenye behewa la kawaida, mguu hauna pa kukanyaga. Nafika Delhi usiku mkubwa nikajua shida imeisha, kumbe ndo inaanza. India hoteli ikimpokea mgeni wa nje lazima imripoti kwenye mfumo wa serikali, kwa kile walichokuwa wanakiita fomu C, na wanataka pasipoti na viza uliyonayo mkononi. Nilizunguka gesti sita. Kopi? Hapana, lete yenyewe. Mwenzangu wa Zambia alikuwa na ya kwake akapewa chumba, tukaomba nilale hata chini, wakakataa, na siwalaumu maana ile wiki hakuna aliyetaka kukutwa na mgeni asiye na karatasi. Nikarudi stesheni nikalala sakafuni kichwa juu ya begi, usiku mbili. Ilikuwa wikiendi, ofisi zote zimefungwa. Chakula nilikula Gurdwara Bangla Sahib, hekalu la Masingasinga pale Delhi, wale ndugu wanalisha kila mtu bure bila kuuliza unatoka wapi wala una karatasi gani, Mungu awazidishie.

Niliporudi chuoni katikati ya wiki iliyofuata pasipoti ilikuwa kwenye droo ileile, haijaguswa, haijapelekwa popote. Nililia pale ofisini, sioni aibu kusema.

Kwa hiyo: mambo mengi ya kibali yanafanyika mtandaoni, wakitaka kukaa na pasipoti yako uliza ni ya nini na kwa siku ngapi. Wakishikilia, andikiwa karatasi yenye muhuri na jina la aliyepokea. Hali ya mpaka ikianza kubadilika nenda kaichukue hata kama kazi haijaisha, kaa hapohapo mpaka wakupe. Mzazi, mpigie mwanao leo muulize pasipoti iko wapi, usikubali jibu la "ipo ofisini".

Taa zikizimwa na wewe zima, pamoja na simu kwenye dirisha, usipande juu kurekodi. Kule kuposti msafara wa jeshi au droni kunaweza kukuingiza matatani, na wewe ni mgeni. Habari nazo chuja, usiku ule baadhi ya televisheni zilisema bandari ya Karachi imeteketezwa, haikuwa kweli, ila ilishatumwa kwenye magrupu yetu yote na wazazi hawakulala.

Usitegemee uwanja wa karibu. India ilifunga viwanja 32 kwa ndege za abiria, Amritsar na Chandigarh vikiwemo, mpaka kule Gujarat, Bhuj na Jamnagar, ambako Wahindi wetu wengi wa Dar, Zanzibar na Mombasa wana asili na ndugu. Delhi uliendelea kufanya kazi, kwa hiyo ujue treni na basi za kukufikisha huko.

Na wakitangaza wamesimamisha mapigano usirudi mbio. Walitangaza Jumamosi tarehe 10 jioni, masaa machache baadaye milipuko ikasikika tena Srinagar, kule Kashmir. Viwanja vilifunguliwa tarehe 12. Subiri siku mbili tatu, piga simu kwa mtu aliyebaki, muulize usiku wa jana taa zimewaka? Na mkikutana na watu wa Poonch, mji wa mpakani kule Kashmir, muwape pole, kule mizinga iliangukia majumbani mwao na wao hawakuwa na Delhi ya kukimbilia.