Geji ya joto ya Land Rover Series III: jinsi ya kujua ugonjwa uko wapi kabla ya kununua kifaa

Somo hili ni la wenye Land Rover Series III, zile zilizotengenezwa Solihull, Uingereza, kati ya 1971 na 1985, zenye injini ya silinda nne ya lita 2.25, petroli au dizeli. Mini na magari mengine ya Kiingereza ya miaka hiyo yana geji za namna hiyohiyo, kwa hiyo mengi ya hapa yatawafaa na wenye hayo, ila mhakikishe rangi za waya kwanza.

Tabia ya gereji nyingi ni hii: mshale ukifanya vituko, mteja anatumwa dukani akanunue sensa, kile kidude cha kwenye injini kinachopima joto la maji. Mara nyingi sensa haina kosa. Fuata hatua kwa mpangilio, pesa yako ibaki mfukoni.

Hatua ya 1: Je, gari linachemsha kweli?

Geji ikisema injini ina moto, iamini mpaka uthibitishe vingine. Silinda hedi iliyopinda ni gharama kubwa kuliko geji kumi.

Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta uone maji. Kagua mkanda wa feni na mipira ya maji. Kisha washa, acha ipate moto, na umulike nyumba ya themostati (kilango kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto) kwa kipimajoto cha bunduki, kile kinachopima bila kugusa. Alumini inayong'aa hukidanganya kipimo hicho, kwa hiyo bandika kipande cha utepe wa karatasi ule wa wapaka rangi, ulenge hapohapo. Ukipata kama nyuzi 80 hadi 90 na haipandi zaidi, injini ni nzima na geji ndiyo inayosema uongo. Ukiona inazidi kupanda, zima na uache habari za geji. Tatizo lako ni la maji.

Kuna hali moja inayoponza madereva wengi kuliko mshale kupanda: mshale kushuka ghafla katikati ya safari. Sensa imeundwa ili ilowe majini. Mpira ukipasuka na maji yakapungua chini yake, inabaki kwenye mvuke na hewa, na mshale unaweza kurudi kwenye baridi wakati injini inaungua. Dereva anafurahi kwamba gari limepoa. Ukiona hivyo mlimani, simama.

Hatua ya 2: Tazama geji ya mafuta

Hapa ndipo penye siri yote ya gari hili. Geji ya joto na geji ya mafuta zinakula umeme kutoka chanzo kimoja: kidude kidogo nyuma ya dashibodi kinachoitwa stebilaiza. Kazi yake ni kushusha umeme wa betri uwe wastani wa volti 10, ili mshale usicheze kila alteneta inapoongeza au kupunguza chaji.

Geji zote mbili zikisoma juu mno, mshukiwa ni stebilaiza, hasa ethi yake, yaani mguso wake na bodi (hatua ya 5). Zote mbili zikifa, angalia fyuzi kwanza. Waya za kijani hulisha vitu vingi, kwa hiyo jaribu na taa za breki. Ikiwa geji ya mafuta iko sawa na ya joto tu ndiyo mbovu, iache stebilaiza, nenda hatua ya 3.

Hatua ya 3: Jaribio la waya

Sensa imefungwa mbele ya injini, jirani na nyumba ya themostati, ikiwa na waya mmoja wa kijani wenye mstari wa buluu. Zima injini, kisha washa swichi bila kupiga stata.

Chomoa waya, uache ukining'inia bila kugusa kitu. Mshale unatakiwa kushuka hadi C, yaani baridi. Ukikataa na kubaki juu, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani, aghlabu pale unapopenya ukuta wa injini.

Sasa gusisha ncha ya waya kwenye chuma kisafi cha injini. Mshale unatakiwa kupanda, lakini usitegemee urukie juu. Ndani ya geji hizi kuna bamba la metali mbili linalopinda likipata joto, kwa hiyo huenda polepole. Ukivuka katikati, ondoa waya. Usingoje ufike mwisho.

Umepanda na kushuka vizuri? Geji na waya ni wazima, ugonjwa uko kwenye sensa. Haukupanda? Peleka waya moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Ukipanda hapo, ethi kati ya injini na chesi imelegea au imeliwa na kutu, na pengine stata nayo inazunguka kivivu. Ukikataa hata hapo, waya umekatika njiani au geji imekufa.

Hatua ya 4: Sensa

Ipime kwa multimita upande wa ohm: ncha moja kwenye teminali, nyingine kwenye mwili wa sensa. Ikiwa baridi utapata mamia ya ohm, na kadiri inavyopata joto namba inashuka hadi makumi. Isiposhuka, imekufa. Unaweza kuining'iniza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, teminali ikiwa juu ya maji. Tumia sufuria ambayo haitarudi jikoni, maana kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ni sumu.

Unapoirudisha, usiizungushie utepe mweupe wa mafundi bomba. Sensa haina waya wa pili. Inarudisha umeme kupitia meno yake ya kufungia, na utepe ule unaweza kuukatisha.

Hatua ya 5: Stebilaiza

Chomoa betri kwanza, halafu fungua skrubu za paneli ya geji uivute taratibu, maana kebo ya spidomita iko nyuma yake. Stebilaiza ya asili ina teminali zenye alama B (umeme unaoingia) na I (unaoenda kwenye geji, waya wa kijani mwepesi). Rudisha betri, washa swichi, na uweke taa ya majaribio kati ya I na bodi. Itawaka mfululizo kwa muda mfupi, kisha ianze kuzimika na kuwaka. Ikiwaka bila kuzimika, ethi haipo au kontakti zimegandana. Kwarua kwa msasa mahali inapofungwa, ujaribu tena. Isipowaka kabisa na umeme unafika B, nunua nyingine. Usiuguse waya wa I kwenye bodi.

Kama stebilaiza yako imeandikwa TOP, upande huo ukae juu.

Hatua ya 6: Geji yenyewe

Ukifika hapa bila jibu, geji ndiyo mbovu. Tafuta ya gari lililochinjwa, haifai kufumuliwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mzee. Mimi niko Iringa. Nimeweka sensa mpya lakini mshale haufiki hata robo, na injini inapata moto kawaida.*

Marahaba. Umeuziwa sensa ya geji nyingine. Meno ya kufungia yanaweza kufanana na ohm zikatofautiana kabisa. Kama ya zamani unayo, zipime zote mbili kwenye maji ya moto uleule. Nikuulize pia: themostati ipo? Mafundi wengi huitoa wakidai gari "lipoe", halafu injini haifiki joto lake na geji inalaumiwa bure.

*Mkuu, hizi stebilaiza za kielektroniki ni nzuri? Kuna jamaa ananiuzia.*

Nzuri, na hazina kontakti za kugandana. Taa ya majaribio haitapepesa, itawaka muda wote, na multimita isome volti 10 zilizotulia. Series III ni hasi kwenye bodi. Gari la zamani zaidi linaweza kuwa chanya kwenye bodi, na ukiifunga humo inaungua papo hapo.

*Nimechemsha sensa na kipimajoto kwenye sufuria hapa Arusha, kipimo kinagoma nyuzi 95. Kipimajoto kibovu?*

Kizima. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka karibu na nyuzi 95. Nairobi ni kama 94, Dar ni 100. Ndani ya rejeta ni habari nyingine, kwa sababu kifuniko kinashikilia presha. Kifuniko kikichoka, ninyi wa juu mtachemsha mapema kuliko sisi wa pwani.

*Ya kwangu si Land Rover, ni MGB ya mwanzo. Haina waya kwenye geji, ina bomba jembamba linaloingia injini.*

Hiyo haina uhusiano na umeme. Usiigusishe na betri. Ndani ya bomba kuna etha inayosukuma mshale ikipashwa moto. Toa ncha yake injini ikiwa baridi, itumbukize kwenye maji ya moto. Mshale usipotikisika, etha imevuja, na hiyo hujazwa na fundi maalumu wa geji. Ukiitoa usilikunje bomba, na nati ikikataa kufunguka usilazimishe, maana bomba litajisokota na kukatika.